Volan Iliyotoka Mulini

Nyinyi vijana wa garaji mna swali moja mnaloniletea kila mara, na mnaliuliza kwa haraka, mteja amesimama mlangoni akitazama saa: "Muzee, ambreyaji tumeshusha. Volan nayo tubadilishe, ao tuiache?" Mnataka jibu la neno moja mrudi chini ya gari. Jibu hilo sina. Nilianza kazi hii nikiwa na nywele nyingi, leo sina hata moja, na bado nikiona volan ya gari la mtu naanza kuzunguka garaji nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwa atakayesoma haya na hajawahi kuchafua mikono, nieleze kidogo. Ambreyaji, ambayo jirani zetu wa mashariki wanaiita klachi, ni diski inayobanwa kati ya vyuma viwili ili nguvu ya motere ifike kwenye magurudumu. Chuma kimoja kinaitwa plato. Cha pili ni volan, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya motere. Diski inalika, plato inachoka, na hizo hakuna anayezibishania. Lakini volan ni nzito, imetulia, ukiitazama unadhani itatuzika sisi wote. Ndiyo maana watu wanaiacha. Mara nyingi wanafanya vizuri. Mara nyingine hapana.

Nitawasimulia jip ya Maman Nabintu, mtajionea wenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya huku kwetu. Garaji yetu ilikuwa mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko mkali hata kila gari lililoingia tuliliwekea mawe kwenye magurudumu kabla ya kumsalimia mwenyewe. Bosi wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, alikuwa Papa Alfonsi, mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kunusa kila kitu: mafuta, vyuma, hata mkate kabla ya kuula. Alisema pua inaona mbali kuliko macho. Siku hizi mnachomeka kompyuta kwenye gari na inawaambia kinachouma. Papa Alfonsi alikuwa anainama, ananusa, anasema, "Iyi ni diski," na kweli ilikuwa diski.

Kazi ya siku zile ilikuwa ya ajabu kidogo. Gari zima lilikuwa hatari. Wenye bunduki walipita wakitafuta gari la kuwabeba, na wakilipata lenye kutembea waliondoka nalo, na mara nyingine na shofere wake. Kwa hiyo watu walituletea magari mazuri kabisa wakituomba tuyafungue, tushushe sanduku la gia. "Papa, toa bwati ya vitesi, uiweke hapo chini ionekane." Garaji ilijaa magari yaliyolala tumbo wazi, hayana ugonjwa wowote. Tulikuwa kama hospitali ya watu wenye afya wanaojifanya wagonjwa. Tulicheka, lakini masikio yalikuwa barabarani muda wote. Ukisikia lori linapanda, unaacha ufunguo hewani mpaka lipite.

Maman Nabintu alifika mchana mmoja nyuma ya jip yake, akiisukuma pamoja na watu aliowaomba njiani. Alikuwa mzalishaji, mkunga wa dispensari ya mtaani, mjane, mwenye sauti ndogo. Jip ilikuwa ya marehemu mume wake. Aliyekaa kwenye usukani ni Deo, mdogo wake Maman, kijana mrefu asiyeweza kusimama mahali pamoja. Papa Alfonsi alinusa, akanitazama. Ile harufu mnaijua, ya diski iliyoungua, kama ya kwato la ng'ombe linaloungua.

Maman alisema binti zake wawili walikuwa kwa bibi yao Luberizi, kule bondeni Ruzizi. Aliwapeleka likizo, mapigano yakawafungia huko. Sasa watu waliokuwa wanapanda kwa miguu kutoka bondeni walileta habari kwamba vita inasogea upande ule. Alitaka kwenda kuwachukua. Diski mpya na plato mpya alikuwa nazo tayari, zimefungwa kwenye kitenge. Mume wake alizinunua zamani akazihifadhi chini ya kitanda.

"Bwati inashuka leo, diski inaingia, kesho tunaondoka," alisema Deo. Kwake lilikuwa jambo lililokwisha.

Tulishusha bwati jioni ile ile. Diski ilikuwa imekwisha hadi kwenye ribiti, misumari yake ya ndani, na ribiti zilikuwa zimelima volan kama jembe. Hilo si baya sana. Mikwaruzo midogo unaweza kuipeleka kwa mwenye tuuru, mashine ya kuchonga chuma, akasawazisha uso. Kulikuwa pia na madoa ya buluu, na hayo yanakuambia chuma kimepikwa. Chuma kilichopikwa kinakuwa kigumu hapa, laini pale, na diski mpya itatetemeka juu yake. Lakini kilichonifanya niiname karibu zaidi ni mstari mmoja, mwembamba kama unywele, uliotoka pembeni ukielekea kwenye tundu la bulo, bolti inayoifunga.

Nilipitisha ukucha. Ulinasa kidogo, au mimi ndiye niliyetaka unase. Nilipitisha tena, nikaona haunasi.

Papa Alfonsi aliosha volan kwa esansi, yaani petroli, akaipaka mafuta ya taa, akaiacha inywe. Kisha akaifuta kavu kabisa, akanyunyiza unga wa muhogo juu yake, mwembamba kama vumbi. Tulisubiri. Deo alitoka nje, akaingia, akatoka. Ujanja wa unga ni huu: mkwaruzo wa juu juu hauna mahali pa kuficha mafuta, ukishafutwa umefutwa. Ufa wa kweli unayameza, halafu unayatema polepole, na unga unalowa pale pale. Kila mtu ana unga nyumbani, kwa hiyo msiniambie hamna vifaa.

Unga ulilowa. Mstari ukatokea, mweusi, kutoka pembeni hadi kwenye tundu la bulo. Papa Alfonsi alichukua nyundo ndogo akagonga volan ikiwa inaning'inia. Chuma kizima kinalia kama kengele ya misa. Ile ililia kama sufuria.

Deo alisema ni safari moja tu, kwenda na kurudi, tukirudi tutabadilisha. Sikumdharau. Nami nilikuwa nimeshafikiria vile vile. Lakini barabara ya Luberizi inapita Ngomo, mnaifahamu, ule ukuta wa mlima wenye kona moja juu ya nyingine, na bonde upande mmoja lisilo na mwisho. Kushuka, motere haisumbuki sana. Kupanda, gari limejaa watu, ndipo volan inapokula kazi yake yote. Ikipasuka kwa mwendo ule, haikai ndani. Inatoka kama bomu, na miguu ya shofere iko hapo hapo.

Maman Nabintu aliniuliza mimi, si Papa Alfonsi: "Itapasuka, ao haitapasuka?"

Nilimwambia sijui. Inaweza kutembea mwaka mzima, inaweza isifike Nyangezi, kabla hata ya Ngomo.

Hakukasirika. Alisema, "Mi pia, bamama bananiulizaka vile, na mi pia sijuake." Akaketi juu ya tairi. Kisha akasema hataenda kuwachukua watoto kwa gari la kuwaua. Tutafute volan.

Kwa mwenye tuuru hakukuwa na umeme tangu siku nyingi, na hata ungekuwepo, ufa wa namna ile hausawazishwi. Unakata juu, wenyewe unabaki chini. Madukani hakukuwa na kitu. Maman alikuwa na binamu Bujumbura, basi Deo akakimbia kwa mwenye foni, redio ya kuitana mbali, akapiga kelele kwenye mikrofoni mbele ya foleni ya watu wenye shida zao: tunahitaji volan ya jip, ya motere ya mazutu, si ya esansi, haraka. Foni ilikuwa inakoroma. Binamu alijibu kwamba amesikia, atatuma.

Tukaanza kungoja, na kungoja kule kulitumaliza kuliko kazi. Maman alikuja kila asubuhi kabla ya zamu yake na kila mchana baada yake. Alisimama barabarani kuwauliza watu waliopanda na magodoro kichwani wametoka kijiji gani. Siku moja wote walisema Sange, mbali kuliko Luberizi. Siku nyingine mmoja akasema Luberizi, lakini hakuwajua watoto wale. Deo alisafisha bulo ambazo nilikuwa nimeshazisafisha. Mimi nililala na kuamka nikifunga na kufungua ile bwati kichwani.

Katikati ya hayo, wenye bunduki waliingia garaji. Mkubwa wao aliizunguka jip, akapiga teke tairi, akauliza kwa Kilingala kwa nini haitembei. Papa Alfonsi alimwonyesha bwati chini, na lile tundu nyuma ya motere, akaanza kumweleza habari ya ufa kwa utaratibu, tangu mwanzo, kama alivyokuwa akinieleza mimi. Yule mkubwa alisikiliza kidogo, akachoka, wakaondoka na betri ya gari lingine. Baadaye Maman alisema ni mara ya kwanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya ufa.

Kifurushi cha Bujumbura kilifika kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja, kimezungushiwa magunia na kushonwa vizuri. Sote tulikizunguka. Nilipokiinua, mikono yangu ilijua kabla ya akili. Kilikuwa chepesi. Deo alikata uzi kwa kisu, akafunua, na ndani mlikuwa na usukani. Usukani mzuri, mweusi, mpya kabisa, unang'aa.

Mnaelewa kilichotokea. Hapa kwetu usukani tunauita volan, na lile gurudumu la nyuma ya motere nalo tunaliita volan. Binamu alisikia volan, akafikiria ile anayoishika kila siku. Tangu hapo sijawahi kutuma mtu kitu bila kukichora kwenye karatasi. Chora, hata kama huna mkono wa kuchora.

Deo aliutupa ule usukani ukutani. Maman Nabintu alicheka kwanza, cheko ya kweli iliyomtoka tumboni, halafu cheko ikageuka, akajifunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyemgusa. Papa Alfonsi aliuokota usukani, akaupangusa vumbi, akaunusa. Kisha akasimama vile vile nao mkononi.

"Mulini ya Mushagalusa," alisema.

Alikumbuka vizuri. Miaka ya nyuma, kabla sijaanza kazi kwake, alikuwa amemfungia Papa Mushagalusa motere ya jip iliyopata ajali, iendeshe mulini, mashine ya kusaga unga karibu na soko la Kadutu. Ukoo wa motere ulikuwa ule ule. Na motere ya mulini haina ambreyaji. Inazunguka tu na mkanda wake, hakuna diski inayoisugua. Volan yake ilikuwa imekaa pale miaka yote bila kuguswa.

Tulipofika, foleni ya wanawake wenye mabeseni ya muhogo ilikuwa imefika barabarani. Papa Mushagalusa alitoka mweupe wa unga hadi kwenye kope. Papa Alfonsi alimweleza. Mushagalusa alitusikiliza vizuri, kisha akakataa. Hakusema kwa ubaya. Alituonyesha wale wanawake, akasema mulini nyingine zote za upande ule zimekosa mazutu ama zimeporwa, na yeye akisimama, watoto wa wote hawa watakula nini. Niligeuka kuondoka.

Maman Nabintu hakuondoka. Hakumsihi Mushagalusa, alikwenda kwenye foleni akaongea na wanawake, mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti yake ndogo. Aliwaambia jambo lenyewe lilivyo, kwamba ni watoto wawili dhidi ya unga wao, na kwamba hajui kama atawakuta. Wengine walitazama chini. Mmoja alisema yeye pia ana watoto. Kulikuwa na kikongwe mbele kabisa, zamu yake ilikuwa imefika, beseni lake liko tayari mlangoni. Aliinama akalinyanyua beseni lile, akalirudisha kichwani.

"Tulikuwa tunatwanga zamani, mbele motere zifike," alimwambia Mushagalusa. "Mumupatie iyo chuma."

Aliondoka bila kungoja. Baadhi wakamfuata, wengine walinung'unika, Mushagalusa akazima motere tuifungue, na mwanamke mmoja alitutukana hadi tulipomaliza. Alikuwa na haki yake. Niwaambie mapema ili msihangaike: volan ile ilirudi mulini, tulipoipata nyingine, na hadi leo watu wanakula unga wake. Lakini kwa majuma mengi, alfajiri, Kadutu yote ilisikika ikitwanga.

Sasa sikilizeni mikono yetu ilifanya nini, kwa sababu ukoo mmoja wa motere si volan moja. Tulipanga matundu ya bulo ya mpya juu ya ile ya zamani, yakalingana. Tulihesabu meno ya pembeni yanayoshikwa na starta. Tulipima kina, kwa rula na kijiti, kutoka ukingo hadi uso inapokaa diski, maana ikizidi kidogo plato haibani. Tulirudia mtihani wa unga. Haukulowa. Papa Alfonsi alinusa nyuma ya motere kama kuna mafuta yanayovuja, kwa kuwa diski mpya ikilowa mafuta, kazi yote ni bure. Nilifunga bulo kwa kuvuka, hii na ile ya upande wa pili, kidogo kidogo, mikono imeoshwa kwa sabuni kama ya Maman kazini. Papa Alfonsi alizikaza tena zote nyuma yangu, na sikuona vibaya.

Hatukuweza kuijaribu mjini. Jip ikishakuwa nzima, ni ya yeyote mwenye bunduki. Tuliondoka asubuhi watu wakiwa misani, Deo kwenye usukani, Maman katikati, mimi mlangoni. Niliomba kwenda. Nisingeweza kukaa Kadutu nikisikiliza.

Kwenye barieri ya wenye bunduki Maman alionyesha vazi lake jeupe la dispensari na kusema anakwenda kuzalisha, na wakatupisha. Tulishuka Ngomo taratibu, tukiwauliza wote tuliokutana nao. Chini ya mlima, Kamanyola palikuwa pamejaa watu hadi barabara haionekani. Deo alizima motere, Maman akashuka, akaanza kuita majina ya binti zake kama mtu anayeita watoto waje kula. Aliita mbali, akaita karibu. Kisha nikamwona amesimama. Bibi alikuwa ameketi kando ya barabara juu ya gunia la mpunga, na wasichana wote wawili wamemwegemea, miguu imevimba. Yule mkubwa, ambaye leo ni maman wa watoto wake mwenyewe, aliangalia jip na kuuliza kwa nini tumechelewa. Maman alikuwa anawashika vichwa, mabega, mikono, kila mahali, kama anavyowakagua waliozaliwa sasa hivi.

Hapo ndipo tulipogombana, mimi na yeye. Watu walikuwa wanaomba nafasi, na alikuwa anawapandisha: mwanamke mwenye tumbo kubwa, watoto ambao hawakuwa wa mtu yeyote pale, wazee. Nilimwambia diski bado mpya, haijakaa vizuri kwenye chuma chake, ukiipakia hivi kwenye Ngomo itaungua. Alisema anaelewa. Akaendelea kupandisha. Mwishowe niliteremka mimi, ili walau uzito wangu usiwemo, na mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa amepata nafasi akaona haya, akateremka naye.

Nilimwambia Deo maneno ambayo ningewaambia hata nyinyi. Usiegemeze mguu kwenye pedali. Kitesi cha kwanza, na usikiachie mpaka juu. Usisimame kwenye kona. "Ukisikia harufu ama inateleza, unisubiri pale juu mlima unapokwisha. Kama iko muzuri, usisimame. Fika nao Nyangezi."

Jip iliondoka. Mwalimu na mimi tulifuata kwa miguu. Mwanzoni niliiona ikizunguka kona juu yetu, imeinama nyuma kwa uzito, kisha nikabaki na sauti tu. Nilikuwa natembea na kusimama, natembea na kusimama. Mwalimu alitaka kuzungumza, nikamwomba anyamaze. Kwenye kila kona nilivuta hewa puani. Vumbi, mazutu, majani. Sauti ya motere ilipotea, ikarudi, ikapotea kabisa, na hapo nilianza kukimbia, mtu mzima, juu ya Ngomo, kwenye jua lile.

Nilifika juu nikiwa sina pumzi. Jip haikuwepo. Alama za matairi zilipita katikati ya barabara, zimenyooka, hazikupinda hata kidogo kuelekea pembeni. Nilizifuata hadi kona ya kwanza ya upande wa pili, nikachungulia. Barabara ilikuwa tupu.

Mwalimu alinifikia akihema, akaniuliza kama wametuacha. Nilimwambia ndiyo, wametuacha, na nikashikwa na cheko, nikacheka hadi yeye akasogea kando. Kisha tukaanza kutembea kuelekea Nyangezi.